Hilux ya Dizeli Inayokula Maji: Ni Gasketi ya Hedi au Ni Kitu Kingine?

Malalamiko yanafanana kuanzia gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hadi za Kirinyaga Road, Nairobi. Hilux inaongezwa maji kila asubuhi, mlimani mshale wa joto unapanda, fundi anasema gasketi imeungua. Hedi inafunguliwa, gasketi mpya inafungwa, na wiki chache baadaye maji yanaanza kupungua tena. Mara nyingi gasketi ile ya kwanza iliungua kweli, ila hakuna aliyetafuta kilichoiunguza. Mara nyingine ilikuwa nzima kabisa, na mwenye gari kalipia kazi ya hedi kwa sababu ya mfuniko wa rejeta uliochoka.

Haya hapa yanahusu zaidi Hilux zenye injini za familia ya L: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Sehemu kubwa inafaa pia kwa injini nyingine za dizeli za Toyota, yaani 1KZ, 2KD na 1KD, na pale zinapotofautiana nimetaja.

Gasketi ya hedi imelala kati ya bloku na hedi, na kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu: moto wa ndani ya silinda, maji na oili. Injini za L hubana hewa zaidi ya mara 20 kabla dizeli haijawaka, kwa hiyo ukuta huo mwembamba unabeba mzigo mkubwa. Dalili utakayoiona inategemea ni upande gani umetoboka. Ndiyo maana gari moja litatoa mapovu kwenye rejeta na oili yake ikawa safi, wakati jingine lina oili kama maziwa na wala halichemshi.

Onyo kabla ya kugusa chochote: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo ni moto kuliko maji ya kuchemka jikoni, na ukilegeza mfuniko yanaruka yote usoni. Subiri hosi ya juu ipoe na ibonyee kwa vidole, kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene na uuzungushe pole pole.

## Maji yanapungua lakini huoni yanapovuja

Gasketi si mshukiwa wa kwanza hapa. Mara nyingi ni uvujaji mdogo wa nje, ambao maji yake hukauka juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini. Gari likiwa limelala na limepoa, tandaza katoni chini yake usiku kucha. Asubuhi kagua maungio yote ya hosi, ukitafuta ukoko mweupe au wa kijani unaofanana na chumvi, maana kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta) ikikauka huacha alama. Angalia pia tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo limewekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo, kwa hiyo kulikuta lina unyevu ni habari kamili: pampu inahitaji kubadilishwa, na kuliziba hakusaidii. Ukiona zulia la miguuni limelowa na kioo kinapata ukungu wenye harufu tamu, hita ndiyo inayovuja.

Baada ya hapo kagua mfuniko wa rejeta. Kifaa hiki kinadharauliwa kuliko vyote, na ningependa kila mwenye Hilux akielewe. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya au Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima unaoshika msukumo wa bar 0.9 hupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukikakamaa au springi ikilegea, maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba na kumwagika, nawe unaanza kuwaza gasketi. Namba imepigwa juu ya mfuniko, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Nunua wenye namba ileile. Kuweka wenye msukumo mkubwa zaidi "ili ishike" ni kutafuta kupasua hosi na rejeta.

Usipoona kitu, omba fundi afunge pampu ya mkono ya kupimia rejeta na kupandisha msukumo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, injini ikiwa baridi na imezimwa. Geji ikishuka ilhali nje pamekauka, maji yanaingia ndani. Njia ya kuthibitisha ni kuacha msukumo huo usiku kucha. Asubuhi fungua pliza za kupasha (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha) zote nne, kata umeme wa kufungulia dizeli kwenye pampu, na piga stata kidogo. Silinda inayoingiza maji itayarusha kama mvuke kupitia tundu la pliza yake. Usiinamie matundu hayo wakati stata inazunguka.

## Mjini haina shida, ikipanda mlima au ikibeba mzigo inachemsha

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi, na ndiyo inayoua gasketi nyingi kuliko nyingine zote. Gari linatoka Morogoro likiwa sawa, likifika katikati ya Kitonga na mzigo wa saruji nyuma, mshale unaondoka.

Anza na rejeta. Tazama kati ya kondensa ya AC na rejeta: tope kavu, nyasi na wadudu huziba pale na kwa mbele huoni kitu. Safisha kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana msukumo mkubwa hulaza mapezi. Ndani nako, gari lililotumia maji ya bomba au ya kisima kwa miaka huwa na kutu na magadi kwenye mirija. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni imesimama, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto imeziba.

Pili, klachi ya feni. Injini ikiwa imepata moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi raundi kadhaa bila ukinzani, mafuta yake ya silikoni yameisha. Ukikuta michirizi ya mafuta imetawanyika kutoka katikati ya klachi, jibu umelipata. Mikanda iliyolegea ni ya kuangaliwa hapohapo, kwa sababu kwenye L mikanda hiyo ndiyo inayozungusha feni pamoja na pampu ya maji.

Tatu, themostati (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) iliyotolewa. Hapa nasema wazi bila kumung'unya: kutoa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto ni kosa. Themostati ya injini hizi ina sahani ya chini inayofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona tofauti, lakini mlimani, pale kila lita ya maji inapotakiwa ipite kwenye rejeta, injini inachemka. Toyota wenyewe wanakataza kuitoa hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Kuipima ni rahisi: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, pasha, na uhakikishe imefunguka kabla maji hayajachemka.

Baada ya hayo ndipo uwaze hosi ya chini inayonywea kwa ndani ikinyonywa, pampu ya maji iliyoliwa mapanga, na pampu ya dizeli iliyoongezwa mafuta au kusogezwa taiming na mtu anayetafuta nguvu. Moshi mweusi mzito mlimani unaashiria hilo la mwisho. Gasketi inakuja mwishoni kwenye orodha hii, isipokuwa kama unaona pia dalili za sehemu inayofuata.

Kuna mtego unaowaponza madereva wengi. Mshale wa joto unapanda, kisha ghafla unashuka, na dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Mara nyingi mshale umeshuka kwa sababu maji yameisha. Kihisi cha joto hakigusi tena maji, kimebaki kwenye hewa, na hakiwezi kusoma joto la hedi inayoungua. Mshale ukishuka ghafla baada ya kupanda, na hita ikaanza kupuliza hewa baridi, simama na uzime injini papo hapo. Usimwage maji baridi. Chuma chenye joto kile kikipata maji baridi kinapasuka, na ulichokuwa ungekitengeneza kwa gasketi sasa kinataka hedi mpya.

## Mapovu kwenye rejeta, hosi ya juu ngumu kama ubao

Sasa tumekaribia gasketi yenyewe. Gesi ya silinda inapenya kwenye maji, inajaza rejeta na kuyasukuma maji kwenye chupa ya akiba. Gari likipoa maji hayarudi yote, na kesho yake unaongeza tena.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Gari limelala usiku kucha, injini ni baridi kabisa. Fungua mfuniko taratibu asubuhi kabla ya kuwasha. Ukisikia pumzi ikitoka kwa nguvu, jiulize imetoka wapi, maana maji baridi hayana msukumo. Ni gesi iliyobaki tangu jana.

Kipimo cha pili: toa mikanda ya feni ili pampu ya maji isizunguke, jaza rejeta hadi mdomoni, washa injini ikiwa baridi na utazame juu ya maji. Usizidishe dakika moja, kwa sababu maji hayazunguki. Mapovu yanayokuja mfululizo, yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Kama maji yalibadilishwa karibuni, mapovu machache ya mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyobaki ndani. Hayo huisha, lakini ya gasketi hayaishi.

Kwenye L unaweza hata kuijua silinda yenye kosa. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozo (kipulizio cha dizeli) moja baada ya nyingine, ukiwa umevaa miwani na umeweka kitambaa. Silinda ambayo ukiinyima dizeli mapovu yanapungua, ndiyo hiyo. Usijaribu hili kamwe kwenye 2KD au 1KD. Mabomba ya injini hizo hubeba dizeli kwa msukumo unaozidi bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo kama la sindano, na bado linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Kipimo cha tatu ni maji ya kemikali ya bluu yanayonyonya hewa ya juu ya rejeta. Kwa petroli hugeuka njano; kwa dizeli tarajia kijani. Dizeli ikiunguruma bila mzigo hutoa gesi nyepesi sana, na kipimo kinaweza kukuambia uko salama wakati hauko. Endesha gari mlimani kwanza, likipoa kiasi cha kufunguka salama ndipo upime, huku fundi akipandisha mzunguko wa injini.

Ukipata mapovu, bado kuna mawili: gasketi imeungua, au hedi imepasuka. Kutoka nje hutaweza kuyatofautisha, na ndiyo sababu hedi ikishafunguliwa lazima ipimwe. Dawa za kuziba za kumimina kwenye rejeta, pamoja na mayai na pilipili za mitaani, haziwezi kushindana na msukumo wa silinda ya dizeli. Zinaziba mirija ya rejeta na hita, na kukuongezea tatizo la pili.

## Moshi mweupe

Moshi mweupe wa asubuhi kwenye dizeli mara nyingi ni dizeli isiyowaka. Unachoma macho na una harufu ya mafuta. Sababu zake kwa mpangilio: pliza za kupasha zilizokufa, nozo zinazomwaga badala ya kupulizia, taiming ya pampu iliyochelewa, mgandamizo mdogo wa injini iliyochoka. Pima pliza kwanza. Ni kazi ya dakika chache kwa mita ya umeme.

Mvuke wa maji ni tofauti. Hauchomi macho, una harufu tamu kidogo kama kuna kulanti, na hutoweka haraka hewani. Asubuhi ya baridi Njombe au Limuru mvuke kidogo ni wa kawaida hadi eksozi ipate moto. Ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, na maji yanapungua, unaunguza maji. Weka kipande cha kadibodi nyuma ya eksozi: dizeli huacha doa la mafuta, maji hukauka.

## Oili kama maziwa, au oili imepanda

Ute mweupe chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake hautoshi kukuhukumu. Gari la safari fupifupi hukusanya unyevu pale. Angalia kijiti cha kupimia. Kama oili ya kwenye kijiti nayo ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kweli.

Ukiwa na shaka, acha gari lilale usiku kucha, kisha legeza bolti ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na ndiyo yatakayotoka kwanza. Ukiona hata kikombe kimoja, usiwashe tena injini. Bering za kranki zinaishi kwa utando mwembamba wa oili, na oili iliyochanganyika na maji haiwezi kuutengeneza. Gari livutwe.

Sababu ya kwanza ya kufikiria hapa ni kula ya oili, yaani kipoza oili, kwa injini zilizo nayo, hasa kama ni oili inayoingia kwenye maji na kuacha utando mweusi wenye utelezi ndani ya chupa ya akiba. Kisha gasketi, kisha hedi au bloku iliyopasuka. Kwa gari la gia otomatiki, angalia pia mafuta ya gia. Mirija yake hupita chini ya rejeta, na ikipasuka mafuta ya gia yanakuwa na rangi ya maziwa ya stroberi, wakati injini haina kosa lolote.

Oili iliyopanda lakini nyeusi, nyepesi na yenye harufu ya dizeli inahusu mfumo wa mafuta, si gasketi. Nayo isiendeshwe. Injini ya dizeli ikianza kunywa oili yake kupitia njia ya hewa, inaweza kujipandisha mzunguko yenyewe na isizimike kwa ufunguo.

## Inatetemeka asubuhi, kisha inatulia

Hapa unahitaji geji ya mgandamizo ya dizeli. Ya petroli itapasuka. Fungua pliza zote, kata umeme wa dizeli kwenye pampu, betri iwe na chaji kamili. Kwa 2L na 3L, injini nzima husoma karibu 32 kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba, kiwango cha chini ni 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5.

Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeliwa kwenye daraja lililo kati yao. Dalili hii ni safi kuliko zote, na mara nyingi gari la namna hii halipotezi hata tone la maji. Silinda moja ikiwa chini peke yake, anza na valvu. Uwazi wa valvu kwenye L, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa kuingiza na 0.40 hadi 0.50 upande wa kutoa. Valvu iliyokaza inaweza kukufanya ufungue hedi bure.

## Stata inapiga mara moja na kukwama

Gari lilikuwa linapunguza maji, leo asubuhi stata inagonga "ta!" na injini haizunguki. Betri na waya wa ardhi ni vya kuangaliwa kwanza. Vikiwa vizima, acha kupiga stata, na usilisukume gari kwa gia. Silinda inaweza kuwa imejaa maji, na maji hayabanwi. Kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki. Fungua pliza zote, zungusha kranki kwa spana kwa mkono, maji yatoke. Hata yakitoka na injini ikawaka, usiendelee na safari. Konrodi iliyopinda kidogo itavunjika baadaye na kutoboa bloku.

Maji au oili ikichuruzika nje kwenye maungio ya hedi na bloku, hakikisha haitoki juu, kwenye gasketi ya kava la valvu, kabla ya kulaumu gasketi ya hedi.

## Kufungua na kufunga

Umethibitisha. Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa haraka ya saa chache.

Injini ipoe kabisa kabla ya kulegeza bolti ya hedi, afadhali ilale. Kwa 1KZ yenye hedi ya alumini hili halina mjadala, hedi ikifunguliwa na moto inapinda. Weka alama za taiming sawa kabla ya kutoa mkanda, na mkanda ukishatoka usizungushe kranki ovyo, valvu zitagonga pistoni. Kama mkanda unakaribia kilomita 100,000, badilisha hapohapo. Bolti zilegezwe kidogo kidogo kuanzia miisho kuelekea katikati.

Hedi ikitoka, usikimbilie kukwangua. Tazama kwanza. Kwenye gasketi iliyoungua, pete ya chuma inayozunguka silinda huwa na sehemu iliyokatika au kukonda, na kutoka hapo mchirizi mweusi wa masizi unaelekea tundu la maji au silinda ya jirani. Tazama na vichwa vya pistoni. Vitatu vitakuwa na masizi meusi, na kimoja kinang'aa kana kwamba kimesuguliwa kwa sabuni. Mvuke ndio uliokisafisha, na silinda hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza maji. Alama hizo zikikosekana na gasketi ikaonekana nzima pande zote, shuku ufa kwenye hedi. Kwenye L ufa hutokea kati ya valvu na karibu na vikombe vya chumba cha awali cha moto.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi kwa urefu, upana na mshazari, na upime uwazi kwa fila geji. Kwa L, kikomo ni milimita 0.20. Pima bloku vilevile, jambo ambalo wengi hulisahau. Kisha peleka hedi kwa fundi mashine ipimwe msukumo ikiwa kwenye maji ya moto. Usikubali hedi iskimiwe tu (uso wake ukwanguliwe kwa mashine) na kurudishwa bila kipimo hicho. Kuskimu kwenyewe kuna mpaka, kwa sababu vikombe vile vya chumba cha awali na kina cha valvu hubadilika kila uso unapopunguzwa. Hedi iliyoskimiwa mara kadhaa inafika mahali valvu inagusa pistoni.

Usafishaji wa uso wa bloku ufanywe kwa kikwanguo na uvumilivu. Usitumie grainda wala brashi ya msasa ya umeme. Vumbi lake linaingia kwenye oili na kumaliza bering. Matundu ya bolti yapulizwe yawe makavu, kwa sababu maji au oili iliyobaki chini ya tundu, bolti ikikazwa, hupasua bloku.

Gasketi za L huja kwa unene tofauti, na alama zake ni herufi B, D na F. Unachagua kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikiwa juu kabisa, kwa geji ya saa. Muuzaji wa duka la spea akikupa "ya 3L" bila kuuliza herufi, muulize wewe. Angalia herufi ya gasketi iliyotoka, lakini usiiamini peke yake, maana aliyetangulia huenda alikosea. Nyembamba kupita kiasi pistoni hugonga, nene kupita kiasi gari husumbua kuwaka asubuhi. Gasketi ikae kavu. Silikoni isipakwe ila mahali mwongozo wa kiwanda unapoonyesha.

Bolti zilizovutika hukonda katikati. Pima, na ukiwa na shaka nunua mpya. Paka oili kidogo kwenye nyuzi, kaza kuanzia katikati kwenda nje: Nm 78 kwanza kwa awamu tatu, kisha zungusha zote nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha zote tena nyuzi 90. Hapo mkono hauwezi kukadiria. Kama hakuna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) gereji hiyo, kazi isifanyike hapo. Kwa 1KZ na familia ya KD fuata namba za mwongozo wake, usihamishe hizi.

## Pa kuishia na kuita mtaalamu

Hedi yenye ufa, bloku iliyopinda, silinda yenye mikwaruzo, konrodi inayoshukiwa, maji yaliyofika kwenye oili na injini ikaendeshwa hivyo: haya ni ya fundi mashine mwenye vipimo, si ya kuanzia uani kwako. Vilevile kazi yoyote ya mabomba ya msukumo ya 2KD na 1KD.

## Kujaza maji na wiki za kwanza

Kabla ya kujaza, kile ulichokikuta kimeunguza gasketi kiwe kimeshatengenezwa: rejeta imezibuliwa, klachi ya feni ni nzima, themostati imerudishwa, mfuniko ni mpya. Tumia kulanti na maji safi yasiyo na chumvi. Inua pua ya gari kidogo, fungua hita hadi mwisho, mimina taratibu, washa mfuniko ukiwa wazi na uongeze kadiri hewa inavyotoka, hadi hosi ya chini ipate moto. Hapo themostati imefunguka na maji yanazunguka. Funga mfuniko, acha ipoe, kagua tena.

Kwa wiki mbili za kwanza kagua maji kila asubuhi injini ikiwa baridi, na oili kila unapokagua maji. Siku za mwanzo kiwango kinaweza kushuka kidogo hewa ya mwisho ikitoka, kisha kinatulia. Usipakie mzigo mzito mlimani kabla hakijatulia. Kikiendelea kushuka, rudia kipimo cha mfuniko wa asubuhi. Ukisikia tena pumzi kwenye injini baridi, usinunue gasketi nyingine: rudisha hedi kwa fundi mashine, na safari hii mwambie atafute ufa karibu na silinda ile uliyoikuta inang'aa.